Mfungo wa tiba wa Buchinger kwa wenye shida za tumbo: unafaa wapi, unakwama wapi

Anayeingia kliniki ya mfungo kwa ajili ya tumbo lake huhesabu siku za njaa: amefunga saba, amefunga kumi, amefunga kumi na nne. Hesabu hiyo haisemi mengi. Kinachoamua kama atatoka na nafuu au na madhara hufanyika kabla hajaacha kula, kwenye vipimo, na hufanyika tena siku anaporudi kwenye sahani. Kwa kigezo hicho ndivyo huduma hii inavyopimwa hapa: mfungo wa mtindo wa Buchinger, chini ya uangalizi wa daktari, kwa watu wenye gesi, kiungulia, IBS (utumbo unaouma na kuvuruga choo ingawa vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe), choo kigumu na maradhi mengine ya njia ya chakula.

Otto Buchinger (1878–1966) alikuwa daktari wa jeshi la majini la Ujerumani. Maradhi ya viungo yalimtoa kazini, na mwaka 1919 alifunga siku 19 mjini Freiburg akisimamiwa na daktari Gustav Riedlin. Alipopata nafuu, alifungua kliniki yake mwaka uliofuata. Utaratibu aliouacha ndio unaofuatwa hadi leo katika kliniki nyingi za Ujerumani, na umeigwa kwingineko duniani. Si mfungo wa maji matupu. Mgonjwa hupata kilokalori 200 hadi 250 kwa siku: juisi ya matunda au mboga robo lita mchana, supu ya mboga iliyochujwa robo lita jioni, asali kama gramu 20, na maji au chai ya majani isiyo na sukari lita mbili hadi mbili na nusu. Juu ya hayo kuna kutembea, kupumzika na kuweka kitambaa cha moto juu ya ini baada ya saa sita mchana. Kitambaa hicho kinapendeza na hakimdhuru mtu, ila asiambiwe mgonjwa kwamba kinatoa sumu.

Mpango huanza na siku moja au mbili za maandalizi kwa kilokalori 600 hadi 1000, kwa kawaida wali mtupu, au matunda, au mboga zilizopikwa. Mwenye gesi achague wali. Kahawa ipunguzwe kidogo kidogo kuanzia wiki moja kabla, kwa sababu kichwa kinachouma siku ya pili ya mfungo mara nyingi ni mwili unaodai kafeini. Asiyejua hilo humeza dawa ya maumivu kama aibuprofeni juu ya tumbo tupu, na kwa mtu mwenye vidonda au kiungulia hakuna kosa baya kama hilo.

Asubuhi ya kwanza ya mfungo huja chumvi ya Glauber, yaani salfeti ya sodiamu: gramu 30 hadi 40 katika maji ya uvuguvugu nusu lita hadi robo tatu lita, pamoja na limau kidogo kufunika ladha. Chumvi hii hainyonywi vizuri, hivyo huvuta maji kuingia ndani ya utumbo, na baada ya saa moja hadi tatu mtu huharisha maji mara kadhaa. Faida yake ni kwamba njaa hupungua upesi utumbo ukiwa umesafishwa. Hasara zake ni nzito kwa wagonjwa wa tumbo hasa. Mwenye IBS ya kuharisha, mwenye kolaitisi ya vidonda (uvimbe sugu wenye vidonda kwenye utumbo mpana), mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa njia ya chakula) uliowahi kubana utumbo, mwenye figo dhaifu au moyo ulioshindwa, wote hawa wasipewe. Wapewe enema laini, yaani maji ya uvuguvugu yanayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, au waachwe bila kitu. Kliniki inayomnywesha kila mgeni kipimo kilekile bila kumuuliza choo chake kikoje imeshaonyesha inavyofanya kazi. Jambo jingine ambalo husahaulika ni vidonge. Dawa iliyomezwa muda mfupi kabla ya chumvi hiyo hutoka nayo, vikiwemo vidonge vya kupanga uzazi.

Enema hurudiwa kila baada ya siku mbili hivi, kwa kuwa kinyesi huendelea kutengenezwa hata bila chakula: seli zinazobanduka kwenye ukuta wa utumbo, bakteria na nyongo. Nyuzi na utelezi unaoonekana ni kamasi ya kawaida ya utumbo. Madai ya uchafu wa miaka uliogandamana kwenye kuta hayana msingi. Madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera kila siku hawaukuti.

Ndani ya tumbo lililofunga kuna kazi halisi inayofanyika, na hapa ndipo mfungo unapostahili heshima. Tumbo lisilo na chakula halilali. Kila dakika 90 hadi 120 wimbi la misuli huanzia tumboni au mwanzoni mwa utumbo mwembamba na kushuka hadi mwisho wake, likifagia mabaki, kamasi na bakteria kuelekea utumbo mpana. Mtu anapokula, wimbi hilo hukatika. Anayedokoa chakula kutwa nzima hulinyima nafasi, na baadhi ya watu wanaojaa gesi juu ya kitovu wana tatizo hilohilo. Lakini ukweli wa pili hausemwi sana kwenye vipeperushi: ili wimbi hilo lipite, si lazima mtu afunge siku kumi. Usiku wa saa 12 bila chakula, na saa nne hadi tano kati ya mlo na mlo, vinatosha. Na juisi pamoja na asali za mpango wa Buchinger nazo hulikatiza, ingawa kwa muda mfupi.

Faida ya pili ni upungufu wa vitu vya kuchachuka. Laktosi, frukitosi na nyuzinyuzi zisipofika utumbo mpana, bakteria hawana cha kuchachusha, gesi inashuka, na mtu aliyezoea kufungua mkanda kila jioni huona tumbo limelala. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila ina gharama. Seli za utumbo mpana huishi kwa butireti, asidi inayotengenezwa na bakteria wanaokula nyuzinyuzi. Kuziacha bila chakula chao kwa muda mrefu si kuzipumzisha. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuata wanaume 15 wenye afya waliofunga siku 10 kwa mtindo huu ulikuta bakteria wanaotengeneza butireti wakipungua na wale wanaoweza kula kamasi ya utumbo wakiongezeka. Baada ya miezi mitatu hali ilikuwa imerudi karibu na mwanzo. Maana yake ni kwamba madhara hayakudumu, na mabadiliko ambayo mtu angependa yadumu hayakudumu pia.

Tatizo kubwa la mpango wenyewe kwa mtu wa IBS liko kwenye glasi. Juisi ya tufaha na ya peasi zina frukitosi kuzidi glukosi, tena zina sobitoli, aina nyingine ya sukari isiyonyonywa vizuri. Asali nayo ina frukitosi nyingi. Supu ya mboga hupikwa na kitunguu na kitunguu saumu, na frukitani zilizomo, yaani minyororo ya frukitosi inayochachuka utumboni, huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kuchuja vipande hakusaidii. Matokeo yake mgonjwa anafunga na bado anajaa gesi, kisha anaambiwa mwili unajisafisha. Haujisafishi. Unachachusha. Dawa yake ni rahisi: juisi ya karoti au ya chungwa iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, supu ya karoti, viazi na jani la giligilani isiyo na kitunguu, na asali iondolewe. Wenye tumbo linalochomwa na juisi hupewa uji mwembamba wa mchele, wa oti au wa mbegu za kitani, na hiyo ni sehemu halali ya utaratibu wa Buchinger. Kabla ya kulipa, uliza kama jikoni wanaweza kubadilisha hivyo. Jibu la hapana liwe sababu ya kutokwenda.

Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu. Akiba ya glikojeni (sukari iliyohifadhiwa) ya ini inaisha, mwili unageukia mafuta na ketoni zinazotokana nayo, pumzi inanuka, usingizi unapungua. Uzito unaoshuka upesi siku hizo ni maji kwa sehemu kubwa, kwa sababu kila gramu ya glikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Kizunguzungu cha kusimama ghafla hutokana na sodiamu inayopotea kwa mkojo na shinikizo la damu kushuka. Tiba yake ni kunyanyuka taratibu, supu yenye chumvi, na daktari kupunguza dawa za presha. Moyo kwenda mbio au kuruka mapigo ni habari nyingine: hapo upimwe potasiamu na magnesiamu na upigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) siku hiyohiyo. Neno “msukosuko wa kupona” limewafunika wagonjwa wengi waliokuwa wakihitaji kipimo cha damu. Historia ina mfano wake mchungu. Linda Hazzard, aliyejitangaza bingwa wa kufunga katika jimbo la Washington, Marekani, alihukumiwa mwaka 1912 kwa kuua bila kukusudia baada ya mgonjwa wake Claire Williamson kudhoofika kwa njaa hadi kufa. Yeye pia alifariki mwaka 1938 akiwa anafunga.

Ushahidi wa tiba upo, tena si wa kubeza, ila ni mwembamba kuliko sifa zinazotangazwa. Kwa IBS kuna utafiti wa Japani wa mwaka 2006: wagonjwa 58 ambao matibabu ya kawaida hayakuwasaidia vya kutosha, 36 kati yao wakafunga siku 10 hospitalini na kurudishiwa chakula kwa siku tano, 22 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Waliofunga walipata nafuu zaidi katika maumivu, tumbo kujaa, kuharisha, kichefuchefu na wasiwasi. Idadi ni ndogo, na mtu aliyefunga anajua amefunga, hivyo matumaini yake mwenyewe hayakuweza kutenganishwa na tiba. Kuhusu usalama, taarifa kubwa ya mtindo wa Buchinger ilitoka mwaka 2019 ikiwa na watu 1,422 waliofunga siku 4 hadi 21. Madhara yalikuwa chini ya asilimia moja. Iliandikwa na watu wa kliniki yenyewe, haikuwa na kundi la kulinganisha, na waliohesabiwa walikuwa wamechujwa na daktari kabla ya kuanza. Hilo la mwisho ni muhimu: usalama uliopimwa pale ni usalama wa watu waliochujwa.

Sasa, maradhi moja moja. Kwa IBS na tumbo lisilosaga vizuri ambalo vipimo vyake ni safi, huduma hii inafaa kujaribiwa, hasa kwa ajili ya kile kinachofuata baada ya mfungo. Kwa ini lenye mafuta na unene uliopita kiasi, nayo inafaa, mradi mfuko wa nyongo uchunguzwe kwanza kwa ultrasaundi. Mfuko wa nyongo hukamuliwa na chakula chenye mafuta. Mtu asipokula, nyongo hutuama na kuwa nzito, na kupungua uzito kwa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza hatari ya mawe. Mwenye mawe tayari anaweza kupata shambulio siku ya kufungua, mfuko unapobana kwa mara ya kwanza.

Kwa kiungulia, nafuu ya kudumu huja na kitambi kilichopungua. Siku za mfungo zenyewe zinaweza kuunguza zaidi, kwa kuwa asidi huendelea kutoka bila chakula cha kuizimua. Vidonda vya tumbo si kazi ya mfungo kabisa. Tangu Marshall na Warren walipomtambua bakteria Helicobacter pylori mwaka 1982, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, inajulikana kwamba vingi vya vidonda hivi hutaka antibiotiki pamoja na dawa ya kuzuia asidi. Njaa haimuui bakteria huyo. Kwa choo kigumu, mfungo hausaidii: utumbo mpana hutaka mzigo wa nyuzinyuzi na maji ili usukume, na mwezi baada ya enema za kila siku mbili mtu huwa palepale alipokuwa.

Kwenye Crohn na kolaitisi ya vidonda ndipo maneno mengi matamu yanaposemwa. Hoja ni kwamba utumbo uliovimba upumzishwe. Wazo hilo lilijaribiwa hospitalini miongo kadhaa iliyopita kwa kumlisha mgonjwa wa Crohn kwa mshipa tu huku utumbo ukiachwa mtupu, na halikuonyesha faida kuliko kumlisha kupitia utumbo. Kinachofanya kazi kwa watoto wenye Crohn ni kinyume cha njaa: lishe kamili ya majimaji, peke yake, kwa wiki sita hadi nane, yenye nishati na protini za kutosha. Majaribio ya lishe inayoiga mfungo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalitoa picha nzuri ya utumbo uliopona, lakini utumbo huo ulikuwa wa panya. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi ameshapoteza misuli, damu na madini. Hana akiba ya kufungia. Kongosho lililovimba nalo limetufundisha hivyo hivyo: zamani mgonjwa alinyimwa chakula kwa siku nyingi, leo miongozo inataka alishwe mapema, ndani ya saa 24 inapowezekana, kwa kuwa ukuta wa utumbo usiolishwa hudhoofika na kupitisha bakteria.

Kwa hiyo vipimo vya awali si urasimu. Damu kwenye choo, uzito kupungua bila sababu, upungufu wa damu, chakula kukwama kooni, maumivu yanayokuamsha usiku, au tumbo lililoanza kusumbua baada ya miaka 50: lolote kati ya haya linataka kamera kwanza. Kipimo cha kalprotektini, protini inayoashiria uvimbe, kwenye choo husaidia kutenganisha IBS na utumbo uliovimba kweli. Kipimo cha damu cha siliaki (ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni ya ngano) nacho kifanywe kabla, mtu akiwa bado anakula ngano. Akishaiacha kwa muda, kingamwili hushuka na jibu hupotosha, na nafuu aliyoipata huandikwa kwa jina la mfungo wakati mkosaji alikuwa gluteni. Ongeza sodiamu, potasiamu, magnesiamu, fosfeti, kreatinini, asidi ya yuriki, sukari, vimeng’enya vya ini, homoni ya tezi na ECG. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye historia ya kujinyima chakula kiugonjwa, wembamba, na wenye kisukari cha aina ya kwanza wasikubaliwe. Dawa za kisukari zinazoshusha sukari kwa nguvu, dawa za kundi la gliflozini (za kisukari zinazotoa sukari kwa mkojo), dawa za kukojoza, lithiamu na wafarini (ya kuzuia damu kuganda) zinahitaji mpango ulioandikwa, siku kwa siku.

Mipango mingine ya jirani ipitwe haraka. Ule wa Franz Xaver Mayr wa Austria, mkate mkavu wa jana na maziwa, una somo zuri la kutafuna hadi chakula kiwe uji mdomoni, lakini ngano na laktosi ni uchaguzi mbaya kwa wengi wenye gesi. Mfungo wa maji matupu ni wa kliniki zenye daktari usiku na mchana. Si wa nyumbani kwa mgonjwa yeyote wa tumbo.

Tumefika kwenye kufungua, na hapa alama za huduma hii hupanda au kuporomoka. Kabohaidreti zinaporudi, insulini hupanda na kuingiza fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli. Kama akiba ilishakuwa tupu, kiwango cha damu huanguka, na moyo, mapafu na ubongo hupata shida, hasa vitamini B1 nayo ikiwa imepungua. Kwa hiyo hupandwa ngazi: kilokalori 800 siku ya kwanza, 1000 au 1200 ya pili, 1400 ya tatu, 1600 ya nne, kwa mfungo wa siku 10. Aliyekuwa mwembamba au mlevi wa pombe huanza chini zaidi na hupewa vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza. Desturi ya kufungua kwa tufaha lililopikwa inafaa kwa wengi, ila mwenye tumbo lisilopatana na frukitosi apewe kiazi kilichochemshwa, karoti laini au wali, vijiko vichache, atafune sana, aache akihisi kushiba kidogo. Protini laini kama yai au samaki siku ya pili. Mafuta yaingie taratibu, kijiko cha chai kwanza.

Baada ya ngazi hizo huja sehemu yenye thamani kuliko zote kwa mwenye IBS, na ndiyo mipango mingi huikata. Tumbo limetulia. Kila kitu kinachoingia sasa kinasikika. Chakula kimoja cha kundi moja kirudishwe kwa siku tatu mfululizo, kiasi kidogo, cha wastani, kisha cha kawaida: maziwa, ngano, kitunguu, maharage, tufaha, kila kimoja kwa zamu yake, na daftari liandikwe saa, kiasi na dalili. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita na haihitaji kulala kliniki. Mtu anayerudi nyumbani na orodha ya vyakula vinavyomsumbua amepata kitu. Anayerudi na picha ya mzani tu atakuwa na gesi ileile kabla ya mwezi kwisha.

Alama: kwa IBS iliyothibitishwa na ini lenye mafuta, nne kati ya tano, ikiwa jikoni hubadilika na daftari la kurudisha vyakula lipo. Kwa kiungulia, mbili. Kwa choo kigumu, moja. Kwa vidonda, Crohn na kongosho, hapana. Na anayekubaliwa asikate tiketi ya kurudi kwa siku ya mlo wa kwanza. Fosfeti huanguka ndani ya siku tano za mwanzo za kula, na siku hizo anapaswa kuwa pale ambapo damu yake inaweza kuchukuliwa asubuhi na jibu kutoka mchana.